Funda la Kwanza

Lazare Ndikumana ni mtu wa kusukuma. Kazi yake kwenye uwanja wa ndege wa Sydney ni kuwasukuma abiria wasioweza kutembea, kwenye viti vya magurudumu, kutoka mlango wa ndege mpaka kwenye teksi. Hata siku za mapumziko utamkuta madukani Fairfield akisukuma toroli la bibi fulani wa Kivietinamu ambaye jina lake halijui wala lugha yake haisikii. Mkewe, Médiatrice, humtania kwamba siku akifa atalisukuma jeneza lake mwenyewe. Lazare hucheka tu. Si mtu wa maneno mengi, na anayetaka kumfahamu inambidi amtazame mikono.

Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka na ndege zikalala, mikono hiyo ilikosa cha kusukuma. Akapata kibarua Smithfield, kwenye kiwanda cha kufungasha kuku, chumba cha baridi, akirudi nyumbani vidole vimekufa ganzi. Mwaka uliofuata mambo yakawa mabaya zaidi kwa watu wa Fairfield. Polisi barabarani, helikopta juu, na mfanyakazi haruhusiwi kwenda kazini mpaka achokonolewe pua kila baada ya siku tatu. Majirani walilalamika, na walikuwa na haki. Lazare alisema yeye alishawahi kufungiwa kwenye kambi ya wakimbizi, na kule hapakuwa na friji. Alipoitwa tena uwanja wa ndege mwishoni mwa mwaka 2021, aliibusu ile sare ya bluu kabla ya kuivaa, na mkewe akamcheka hadi machozi.

Kilichomuuma miaka ile kilikuwa kingine, nacho ni habari ya mama mkwe wake, Mama Anésie.

Lazare alifika kambini Kigoma akiwa mtoto mdogo, peke yake, baada ya vita vya Burundi kumnyang'anya baba na mama. Njiani alikuwa amesikia minong'ono ya watu wazima kuhusu sumu, nani kamlisha nani na nani hakuamka asubuhi, kwa hiyo alipofika alikataa kula chochote kilichotoka mkononi mwa mtu. Alikonda hadi watu wakaacha kumuuliza jina. Mama Anésie alikuwa mjane wa hema la jirani, mwenye binti mmoja. Hakumbembeleza. Alikoroga uji, akaumimina kikombeni, akachuchumaa mbele ya yule mtoto, akapiga funda la kwanza yeye mwenyewe, akameza, ndipo akampa. Kwa Warundi ndiyo heshima ya kumpa mtu kinywaji: unakionja kwanza, aone hakina ubaya. Mtoto akanywa akiwa amefumba macho, maana bado aliogopa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa, na miaka ikapita hivyo. Akanenepa, akaanza kucheka, akamwita mama.

Kisha akafanya kosa la kumpenda binti wa mama huyo.

Nasema kosa kwa mzaha, kwa sababu Médiatrice ni mke ambaye mwanamume yeyote angemshukuru Mungu kumpata. Lakini katika ukoo wao mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kuepukana. Hawakumbatiani, hawatajani majina, hawali mezani pamoja, na hakuna anayetia kitu mdomoni huku mwenzake akitazama. Siku ya harusi Lazare alipata mke na akampoteza mama, yote kabla ya saa ya chakula cha mchana. Uji ukaisha. Na vijana hao walipopata nafasi ya kuja Australia, Lazare alimuaga yule mama akiwa amesimama mbali, kichwa chini, kofia mkononi. Asante aliyokuwa nayo haikupata mlango wa kutokea, akasafiri nayo.

Viza ya Mama Anésie ilitoka mapema mwaka 2020, na kabla hajafunga mzigo mipaka ikafungwa. Miaka miwili akabaki Makamba, kule Burundi, alikokuwa amerudi baada ya kambi kufungwa, magoti yakizidi kumsumbua na sukari ikimpanda na kumshuka. Mipaka ilipofunguliwa alikubali kuja kwa sharti moja, na alilisema kwenye simu kwa sauti kubwa ili na mkwe aliyekuwa jikoni alisikie.

"Nakuja kumwona mwanangu na mjukuu wangu. Lakini chini ya paa la mkwe wangu silali, na chakula mbele yake sili. Mnitafutie mahali."

Mahali palipatikana ghorofa ya chini, kwa Mama Kasoki, mjane wa Kikongo mwenye chumba cha ziada na kicheko cha kuamsha mtaa. Lazare alikipaka chumba hicho rangi yeye mwenyewe. Médiatrice alimkuta amesimama katikati ya chumba kitupu, brashi mkononi, akiutazama ukuta ambao ulishakauka.

"Chéri, umekasirika?"

"Hapana. Ni vizuri. Atakuwa karibu."

Ndivyo alivyosema, na mtu asiyemfahamu angeamini. Moyoni alijua kwamba mwanamke aliyempa uhai wa pili angeishi chini ya miguu yake, na yeye angekuwa anamwamkia kupitia mlangoni hadi mmoja wao azikwe.

Mama Anésie alikuwa awasili mwezi Machi, mwaka 2022. Wakazi wa Sydney hawajasahau Machi ile. Mvua ilinyesha hadi nguo zikaota ukungu kabatini, mito ikapanda, reli zikafurika. Lazare aliomba ruhusa ya siku moja akanyimwa, kwa kuwa nusu ya wafanyakazi walikuwa wamejitenga nyumbani kwa sababu ya korona ya Omicron. Basi akamfuata mwenzake wa zamu, Mugambi, Mmeru mrefu mwenye kujua habari za kila mtu.

"Kuna mama atakuja na ndege ya Doha, ameombewa kiti," akamwambia. "Ni mama ya bibi yangu. Naomba umsukume wewe. Mimi nitachukua wako."

"Si umsukume mwenyewe, bro? Mama mkwe! Si hiyo ndiyo points zenyewe?"

"Haifai. Kumshika mkono, kumwinua, kwetu haifai."

Mugambi akamwangalia, akaacha utani. "Sawa. Hata kwetu Meru kuna hizo mambo. Nitam-push poa kabisa, usijali."

Mchana ule mawingu yalishuka hadi taa za uwanja zikawashwa. Lazare na Mugambi walikuwa wamesimama dirishani na viti vyao vitupu. Ndege ya Doha ilishajaribu kushuka mara moja ikaghairi na kupaa tena. Ilipotokeza mara ya pili ilikuwa inayumba, bawa moja juu, moja chini. Kisha upepo kama uliiachia. Ilidondoka ile sehemu ya mwisho, ikapiga lami kwa kishindo kilichotikisa kioo mbele yao, ikaruka, ikapiga tena. Magurudumu ya upande mmoja yakakunjika. Ikalala ubavu, bawa likiburuza cheche kwenye maji, ikateleza hadi ikaiacha njia na kusimama kwenye majani, imekaa mshazari, moshi ukitoka chini yake.

Watu dirishani walipiga ukelele mmoja. Lazare alishika vishikio vya kiti kitupu na kukisukuma mbele hadi kikagonga kioo, akaendelea kusukuma.

Simu ikalia. Médiatrice alikuwa ukumbi wa kupokea wageni na binti yao Lyse, wamebeba maua na koti la baridi.

"Lazare, kwenye ubao wameandika delayed. Halafu watu wanakimbia. Ndege iko wapi?"

"Imetua."

"Imetua vizuri?"

Huku nje magari ya zimamoto yalikuwa yameizunguka ndege na kuimwagia povu. Matelezo ya mpira yalifumuka milangoni, na watu wadogo wadogo wakaanza kuporomoka mmoja mmoja, wakidondoka kwenye majani na kuinuka. Alijaribu kutafuta mtu asiyeinuka haraka. Mvua haikumruhusu kuona.

"Imetua," akarudia. "Omba, Médiatrice."

Mungu alikuwa kazini siku hiyo, nani atabisha. Moshi haukugeuka moto, na hakuna aliyekufa. Walivunjika watu mikono, mmoja mguu, wengi wakapasuka nyuso. Abiria waliletwa kwa mabasi hadi ukumbi mmoja mkubwa, wakafunikwa yale mablanketi yanayong'aa, na wafanyakazi wote wa viti wakaitwa. Kwa sababu ya korona waliagizwa kuvaa kila kitu: gauni la plastiki, glavu, barakoa, na kioo cha kufunika uso. Ukimwona mmoja umewaona wote. Mugambi aliingia wa kwanza akakabidhiwa yule wa mguu. Kwa hiyo Lazare alipofika na kiti chake, mhudumu wa ambulensi, binti wa Kizungu mwenye nywele zilizolowa, alimwonyesha pembeni kwa kidole. "That one, please. She won't talk to us."

Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Peku, kitenge kimelowa tope, kifundo cha mguu kimevimba. Amezeeka kuliko kwenye picha za simu. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa sala, na macho yamezubaa.

Lazare alisimama. Miaka yote ile, na huyu hapa, na kwa adabu angepaswa kugeuza uso. Angemwita nani? Wote walikuwa wameinama juu ya mtu. Akaona afadhali anyamaze kabisa, awe sare tu, mtu wa uwanja wa ndege, ili yule mama asipate aibu ya kushikwa na mkwewe. Akapiga magoti, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamwinua. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Kichwa chake kililala begani kwake kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na Lazare alishukuru kwamba kioo cha uso kilikuwa na ukungu.

Yule mhudumu akamchoma kidole kupima sukari, akakunja uso. "She's way too low. When did she last eat?"

Mimi naweza kumjibu. Mama Anésie alikuwa ameondoka Bujumbura na karanga zake na viazi vyake, vikaisha Nairobi. Baada ya hapo sahani za ndege zilipita mbele yake na kurudi zilivyo. Yeye hali kilichotoka kwenye mkono asioujua, hata mkono huo uvae glavu nyeupe na kutabasamu.

Yule binti akaleta chai ya sukari nyingi kwenye kikombe cha karatasi. Mama Anésie akafunga midomo. Akaletewa tena na biskuti, na maneno matamu. Akatikisa kichwa. Kijasho kilikuwa kinamtoka usoni na macho yameanza kulegea. Binti akaanza kufungua pakiti ya sindano ya dripu, akisema kwa haraka kwamba akizimia hali itakuwa nyingine.

Hapo ndipo Lazare alipofanya jambo ambalo Mrundi angelifanya na mtu mwingine yeyote katika ukumbi ule asingethubutu. Alikichukua kile kikombe. Akageuka ubavu, akainua kioo cha uso, akashusha barakoa chini ya kidevu, akapiga funda la kwanza, akameza amefumba macho. Kisha akavaa barakoa yake na kumpa kikombe kwa mikono miwili.

"Mate! You can't do that!" binti wa ambulensi akapiga kelele.

Mama Anésie alimtazama yule mtu wa plastiki. Alimtazama kwa muda. Kisha akapokea kikombe, akanywa, hakubakiza kitu. Akala na biskuti. Macho yakarudi taratibu kuwa ya mtu.

"Asante, mwanangu," akasema kwa Kiswahili.

Lazare alishika vishikio akaanza kusukuma, akikwepa kila ufa wa sakafu. Mugambi, aliyeona mambo kutoka mbali, alimwahi koridoni.

"Lazare, uko sawa kichwani? Umekunywa chai ya pasenja! Na Covid hii! Supervisor akijua ni uta-sack-iwa leo leo."

"Nime-test asubuhi. Negative."

"Hiyo sio point, bro!"

Alijua. Alikuwa anaogopa, si kupoteza kazi tu, bali kwamba labda amemtia ugonjwa mwanamke aliyemponya. Lakini magurudumu yalizunguka, na mbele yake kichwa cheupe cha mama kilikuwa wima, na hakuweza kujuta hata alipojaribu.

Mlango ulipofunguka Médiatrice alirusha maua. Kilio chake kilisikika hadi kwenye teksi. Alimwangukia mama yake mapajani, Lyse akawaangukia wote wawili, na Lazare akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama viatu vyake, kisha akarudi ndani kuchukua mtu mwingine. Siku ile alisukuma hadi miguu ikakataa. Kila abiria aliyemwambia thank you alimjibu, "No, thank you," nao wakadhani ni mtindo wa Kiafrika.

Mama Anésie alifungwa bendeji na kuruhusiwa, akashukia kwa Mama Kasoki kama ilivyopangwa. Siku zilizofuata Lazare alijipima korona kila asubuhi, na kila mstari mmoja ulipotokea peke yake alipiga ishara ya msalaba. Mama mkwe alikuwa akipanda juu yeye akiwa kazini, na kabla hajarudi ameshashuka. Jioni alikuta harufu ya mafuta ya mawese jikoni kwake. Alisimama kidogo kwenye harufu hiyo, kisha akaoga.

Jumapili Médiatrice aliandaa sala ya shukrani. Mama Kasoki alikuja na wimbo, majirani wakaja na soda, wakaimba hadi Mlebanoni wa ghorofa ya juu akashuka kuuliza kama kuna harusi, naye akapewa sahani. Lazare aliomba akiwa amesimama mlangoni, upande wa nje. Wageni walipoondoka alitegemea mama mkwe naye angeshuka. Hakushuka. Alisikia mwiko ukikwangua sufuria.

"Lyse," sauti ya Mama Anésie ikatoka jikoni, "mwambie baba yako aingie akae mezani."

Lyse, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hakijibu hata kidogo, akasema, "Dad, Grandma wants you. Like, at the table."

Lazare akamtazama mkewe. Mkewe akainua mabega. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti, macho kwenye kitambaa cha meza. Mama Anésie akaja akichechemea, kikombe mkononi, akakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Ndege ilipoanguka," akasema, "nilijua nimekufa. Sikukumbuka dhambi zangu, Mungu anisamehe. Nilikumbuka kwamba kuna mtoto nilimlea kwa mkono wangu, halafu nikaacha kumtazama kwa sababu ya adabu. Nikasema, haya, sasa nakufa na adabu yangu."

"Mama..." Médiatrice akaanza.

"Niache niseme. Nikatolewa pale, nikaletewa chai na watu wasiokuwa na sura. Akaja mmoja asiyesema, akaonja kwanza. Nikajua huyu ni wa kwetu. Lakini wa kwetu ni wengi. Sasa ni nani mwingine ninayemjua mimi, anayefumba macho akimeza?"

Lazare hakuinua kichwa.

"Ulinyamaza ili uniheshimu. Na mimi nikanyamaza ili nikuheshimu. Inatosha."

Akanyanyua kikombe. Ulikuwa uji, wa moto, ukitoa mvuke. Mbele ya mkwewe, mbele ya binti yake na mjukuu wake, Mama Anésie akapiga funda la kwanza, akameza, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Akamsukumia kikombe.

"Kunywa, mwanangu."

Ile asante ya miaka mingi ikapata mlango. "Asante, mama," akasema. "Asante. Asante." Alilia kama mtoto, bila kujificha, na katikati ya kulia akanywa, amefumba macho.

"Dad, why are you crying?" Lyse akauliza. "It's just porridge."

Mama Anésie alisubiri hadi kikombe kikaisha, akakitazama ndani kuhakikisha, ndipo akamgeukia mjukuu wake.

"Lyse, shuka kwa Mama Kasoki. Kaniletee begi langu la nguo."